Kisanduku Kilichosalimia Kupita Kiasi

Ilikuwa Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, na kama ningepewa ruhusa ya kufuta saa moja tu katika maisha yangu ningeifuta iliyofuata hapo, kwa sababu hadi saa nne na robo nilikuwa bado msichana wa kidato cha tatu aliyewatengenezea akina mama tovuti, watu wananong'onezana sifa zangu na mimi najifanya sisikii, na baada ya hapo nikawa yule wa chini ya meza. (Ya chini ya meza nitayafikia. Sina haraka nayo.) Nimeona niyaandike mwenyewe kabla Bukuru hajamaliza kuyasambaza kwa namna yake. Bukuru ni pacha wangu, alitangulia kuzaliwa na tangu siku hiyo hajanyamaza, mimi Butoyi nikafuata nyuma na sijawahi kupata nafasi ya kuingiza neno. Na kama unasoma daftari hili, Bukuru, na najua unasoma, lirudishe chini ya godoro upande uleule ulipolitoa.

Kwanza lazima mjue kwamba mimi ni mtu wa njia za nyuma. Huku kwetu Kasulu ukikutana na mtu mzima haitoshi kutupa shikamoo ukapita zako. Unasimama, unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, mnaulizana habari za nyumbani, watoto, ng'ombe, shamba, mvua, kisha zamu inageuka na wewe unauliza yote uliyoulizwa, na katikati ya hapo mimi huwa nasahau tumefika wapi, nauliza ng'ombe mara mbili, watoto nawaruka, jasho linanitoka mgongoni. Kwa hiyo nikiona mgeni amekaa mbele ya nyumba ya mama mkubwa, mimi napita migombani, nazunguka choo, naingia kwa mlango wa jikoni. Mama mkubwa amezoea. Huwaambia wageni, "Butoyi yupo, mmesikia migomba inatikisika?"

Tunaishi kwa mama mkubwa, Bukuru na mimi, kwa sababu ya shule, baba na mama wako Kasanda wanalima. Mama mkubwa ni katibu wa kikundi cha akina mama kinachoitwa Twiyunge, wanauza maharage, asali na vikapu, na mnunuzi wao mkubwa ni Bwana Salumu, mwenye duka la jumla mjini, asili yao watu wa Ujiji, mtu mpole ila akisema kitu amesema. Sasa Bwana Salumu alikuwa amechoka. Wateja wake wa Mwanza walikuwa wanampigia simu hata akiwa anatawadha, kuuliza kama kuna maharage ya njano, asali ipo, vikapu vya kifuniko vipo, na yeye hajui, mpaka awapigie akina mama, na akina mama wako shambani na simu ziko nyumbani. Akawaambia Twiyunge na akawaambia wenzao wa Kibondo vilevile: tengenezeni tovuti, mteja wangu aandike anachotaka, akione, aache kunisumbua. Ambao tovuti yao itanipumzisha, msimu huu nachukua mzigo kwao.

Wa Kibondo wakatafuta fundi. Twiyunge wakataka kutafuta fundi pia, mama mkubwa akasimama kwenye kikao akasema fundi wa nini na Butoyi yupo, yuko klabu ya kompyuta, mwalimu wake anamsifu. Wengine wakasema mtoto huyo hata salamu haitiki vizuri. Mama mkubwa akasema kompyuta haisalimiwi. (Mama mkubwa, hilo neno tutalirudia.) Basi ikawa hivyo, msimu mzima wa kikundi na jina lake mwenyewe kikaoni akaviweka kwenye vidole vyangu, akanipa na laptopu aliyoachiwa na mwanawe wa Dodoma, ile ambayo herufi ya H lazima uibonyeze kwa hasira.

Tovuti yenyewe haikuwa ngumu. Picha za vikapu, picha za asali, akina mama wamesimama wima kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Kazi ilikuwa kisanduku cha kutafutia. Nilitaka kiwe rahisi mtu yeyote akitumie, na hapo nilijitahidi kweli, maana nilikaa nikajiuliza mtu wa kwetu anayaitaje maharage: kuna anayeandika maharage, kuna maharagwe, kuna ibiharage, kuna atakayeandika "yale ya njano", nikayaingiza yote, ukiandika lolote kati ya hayo yanakuja yaleyale. Nilipojaribu peke yangu kikawa kinaleta upesi mpaka nikacheka mwenyewe chumbani.

Nikawaita akina mama wajaribu. Wa kwanza alikuwa Mama Riziki. Mama Riziki analima Nyakitonto, wazazi wake walikimbia Burundi yeye akiwa mgongoni, ni Mtanzania wa siku nyingi sasa na ndiye mwenye maharage mengi kuliko wote kikundini, halafu ni mtu wa heshima, hata mbuzi akimpisha njiani anamshukuru. Nikampa simu, nikamwonyesha kisanduku, nikamwambia, "Mama, andika unachotafuta." Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, nikamwachia nafasi. Alipomaliza nikaangalia. Ameandika: Mwakeye. Mmeamkaje hapo. Ninaomba maharage.

Kisanduku kikajibu: Hakuna kilichopatikana.

Mama Riziki akaiweka simu mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ambayo hakuandaliwa yeye. "Nimeisalimia haikuitika," akasema. "Nikaiomba, ikaninyima."

"Haijakunyima, mama, haijaelewa tu."

"Imesema hakuna. Na maharage ni yangu mwenyewe, nimeyaleta juzi." Akaniangalia kwa huruma, yaani alinihurumia mimi. "Mwanangu, hakuna nyumba unaingia unaomba chumvi bila kusalimia. Hata wakikupa, chumvi hiyo utaipikaje?"

Nilichotakiwa kufanya ni kidogo sana, kisanduku kiruke tu maneno ya salamu, kichukue neno maharage, mwisho. Hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza wa klabu yetu angeona hivyo. Lakini mimi nikaona (na huu ndio uamuzi mdogo ambao umenifikisha hapa) kwamba kisanduku kiitikie. Na kama kinaitikia, kiitikie vizuri. Na kama ni kuitikia vizuri, basi kianze chenyewe, kisingoje kusalimiwa. Nikakaa jioni ile naandika, na niseme ukweli, sijawahi kufurahia kazi kama ile. Mtu akiandika chochote kile, kisanduku kinasema Mwakeye, habari za nyumbani? Akijibu, kinasema Tunashukuru Mungu, kinauliza watoto. Akijibu, Tunashukuru Mungu, kinauliza ng'ombe. Kisha shamba. Kisha shamba tena, kwa sababu Mama Riziki mwenyewe alinifundisha kwamba shamba huulizwa mara mbili, ya kwanza ni ya heshima na ya pili ndiyo ya kweli. Halafu ndipo: Nikusaidie kutafuta nini? Na hakikosei zamu. Hakitoki jasho. Salamu zote ambazo mimi zinanishinda kilikuwa kinazitoa moja baada ya nyingine, na mimi nimekaa pembeni na kikombe cha chai.

Mtaniuliza, na mtu akijibu vibaya? Sikuliwaza. Nani hapa kwetu ameulizwa habari za nyumbani akasema mbaya? Hata aliyeunguliwa na jiko anasema nzuri kwanza. Kwa hiyo nikaandika kwamba mtu akijibu lolote, lolote kabisa, jibu liwe Tunashukuru Mungu.

Akina mama walikipenda mno. Walipokezana simu, wanajibu, wanacheka, mmoja alikiuliza na chenyewe watoto wake wako wangapi. Mama Riziki aliposalimiwa mpaka mwisho, akaomba maharage, akaletewa picha ya gunia lake, alipiga makofi mbele ya simu akasema, "Sasa hii imelelewa." Mimi nilikuwa migombani nasikiliza, na niliposikia hivyo nilijiona nimemaliza shule.

Sasa Alhamisi, siku mbili kabla ya mgeni kuja, Nyakitonto ikapigwa mvua ya mawe. Maharage ya Mama Riziki yalikuwa yanakaribia kuvunwa, yakalala chini yote ya upande wa juu. Ijumaa akaja kulala kwa mama mkubwa kwa ajili ya shughuli ya kesho, wakakaa jikoni na wenzao wakazungumza, na neno likawa moja: Bwana Salumu ataambiwa, hafichwi, ila ataambiwa akishakula. Hilo ni la kawaida huku. Mgeni anakaribishwa, ananawa, anakula, anapumua, halafu ndipo mwenye habari mbaya anavuta kigoda karibu. Kumpa mtu habari mbaya na tumbo tupu ni kama kumfukuza. Nilisikia yote hayo, nilikuwa namenya viazi palepale, na akilini mwangu sikuyahusisha kabisa na kisanduku.

Jumamosi tukaenda ukumbi wa parokia. Tulikuwa tumeazima projekta ya shule, kipaza sauti cha kwaya, na Bukuru alijiteua mwenyewe kuwa msema chochote, kazi yake kusoma kwa sauti kila kinachoandikwa ukutani kwa ajili ya wasioona vizuri na wasiosoma. Mpango ulikuwa mgeni ale kwanza, halafu tovuti. Ila kuku walikuwa bado wanatembea. Bwana Salumu ni Mwislamu, na jirani yetu aliyeahidi kuja kuwachinja alikuwa ameondoka alfajiri kwenda shamba na hajarudi, na hakuna mama aliyetaka mgeni akae mbele ya nyama yenye wasiwasi. Saa nne na robo Bwana Salumu akaangalia saa yake, akasema kwa upole, "Wakati tunangoja, kwa nini tusikione hicho kisanduku?"

Mama mkubwa akanigeukia akatabasamu. Ndiyo hiyo saa.

Bwana Salumu akakaa mbele ya laptopu, akavaa miwani, akaandika: maharage ya njano. Bukuru akasoma kwenye kipaza sauti, "Maharage ya njano." Na ukutani, kwa herufi kubwa nilizozichagua mwenyewe, kikaja: Mwakeye. Habari za nyumbani?

Ukumbi ukafurahi. Bwana Salumu naye akacheka, akaandika nzuri. Tunashukuru Mungu. Watoto hawajambo? Akaandika hawajambo. Tunashukuru Mungu. Na ng'ombe je? Hapo akanyoosha shingo kuangalia kama kuna mahali pa kubonyeza aruke. Hapakuwa na mahali. (Kwenye maisha kuna mahali pa kubonyeza uruke salamu? Ndivyo nilivyojiambia nikiandika. Sasa najijibu: kwenye tovuti lazima pawepo.)

Basi simu yake ikalia, mteja wa Mwanza, na kwa wema wake Bwana Salumu akaona ni bahati. "Tena afadhali umepiga," akasema, akaweka spika, "fungua ile anwani niliyokutumia, tafuta maharage mwenyewe, niambie." Bukuru, bila kuombwa na mtu, akaisogezea simu kipaza sauti.

Tukamsikia yule bwana anapumua, anabonyeza. Halafu: "Mzee, inaniuliza habari za nyumbani."

"Ijibu tu."

"Nimejibu. Inauliza watoto." Akabonyeza. "Sasa inaniuliza ng'ombe. Mzee, mimi naishi ghorofani."

"Iambie huna."

"Nimeiambia sina ng'ombe." Akabonyeza tena. "Inamshukuru Mungu."

Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko. Mama mmoja wa nyuma alilia kabisa, anajifuta kwa khanga. Yule bwana wa Mwanza akaendelea, sauti imejaa kipaza sauti cha kwaya, "Inashukuru Mungu kwa mimi kukosa ng'ombe, sasa inataka habari za shamba, mzee, mimi nina bando dogo, nitakupigia baadaye," akakata. Bwana Salumu akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Hakuwa amekasirika, ila hakuwa anacheka tena. "Wale wa Kibondo," akasema, kama anaongea na miwani, "nasikia ukiandika tu, kinakuja."

Mama mkubwa akasogea ubavuni kwangu. "Butoyi. Iambie inyamaze."

"Siwezi kuiambia, mama, mpaka nifungue kule ndani nifute."

"Basi fungua."

Nikanyoosha mikono kwenye laptopu mbele ya ukumbi wote unaoniangalia, na vidole vikawa si vyangu, nikaibonyeza H kwa hasira ikatoka mistari na mistari ya H ukutani na Bukuru akaanza kuisoma. Nikaomba umeme ukatike. Huku umeme hukatika hata kuku akiruka juu ya waya, ila siku hiyo ulikaa kama mkwe.

Hapo ndipo Mama Riziki akainuka. Jamani, alikuja kuniokoa, hilo naomba lieleweke. Akapita katikati ya viti anafunga kitenge vizuri, anasema, "Hawa hawajui kusalimiana nayo, wanaiharakisha. Mimi inanijua." Bwana Salumu akampisha kiti. Mimi nikasogea pembeni kwa sababu nilimwamini, na kwa sababu kusogea pembeni ndiko nikujuako.

Akaanza upya, kidole kimoja, bila haraka, na Bukuru anasoma kila neno linavyotokea. Habari za nyumbani? "Nzuri." Watoto? "Hawajambo." Ng'ombe? "Wazima." Watu wakatulia, ilikuwa inapendeza kweli, kama watu wawili wamekutana njiani. Habari za shamba? Mama Riziki akasita kidogo. Akaandika, "Nzuri." Tunashukuru Mungu, kikasema kisanduku. Kisha, kama nilivyokifundisha: Na shamba, kweli hamjambo?

Nikaona mabega yake yanashuka. Mtu aliyeulizwa mara ya pili, na ameketi, na aliyemuuliza hana haraka. Nikaelewa, nikafungua mdomo, na mdomo wangu ukafanya unavyofanyaga.

"Mvua," akasoma Bukuru kwenye kipaza sauti, mchangamfu, herufi zinavyokuja. "Ya. Mawe. Mvua ya mawe. Ime... imelaza... maharage. Yote. Ya juu." Na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyopungua, maana Bukuru naye alikuwa anamenya viazi Ijumaa. "Tangu Alhamisi. Sijalala."

Mama Riziki akabonyeza. Kisanduku kikajibu palepale, hakijawahi kuwa chepesi namna ile. Bukuru alikuwa ameshazoea kusoma, akasoma na hilo, kwa sauti ndogo kama ya mtu mgonjwa:

"Tunashukuru Mungu. Nikusaidie kutafuta nini?"

Hakuna aliyecheka. Nje, ndiyo kwanza kuku wanapiga kelele, jirani amefika kuwachinja.

Mama mkubwa akajifunika uso kwa kitenge. Mama Riziki akageuka taratibu kumtazama Bwana Salumu, mgeni mwenye tumbo tupu ambaye hajapewa hata maji ya kunawa, akasema, "Mana yanje, Mungu wangu. Baba, nisamehe, ilikuwa inaniuliza mimi." Na mimi nikaona waya wa projekta chini ya meza, nikajiambia labda umelegea, nikaingia kuuangalia. Haukuwa umelegea. Nikabaki kuuangalia tu.

Chini ya meza dunia ni ya viatu. Nikaona viatu vya Bwana Salumu vinainuka, vinazunguka meza, vinasimama mbele ya kandambili za Mama Riziki. "Pole, mama," akasema. "Pole sana. Shamba lote?"

"Bondeni yamebaki."

"Na nyumba?"

"Nyumba iko, ila bati moja limetoboka."

Wakaendelea hivyo, anauliza, anajibiwa, anangoja. Kisha akasema kwa wote, "Miaka yote nanunua huku, habari za mvua ya mawe huwa naambiwa nimeshiba, usingizi unanijia, napanga malori kichwani. Leo nimeambiwa mapema. Sijui hii kitu yenu haina adabu au adabu imeizidi." Watu wakacheka kidogo, cheko la kuomba ruhusa. "Aliyeitengeneza yuko wapi nimwone?"

"Alikuwa hapa sasa hivi," akasema mama mkubwa.

Na Bukuru, damu yangu, tuliyekaa naye tumbo moja, akasema kwenye kipaza sauti cha kwaya: "Yuko chini ya meza."

Nikainuka kabla ya kutoka. Kichwa kikagonga mbao, projekta ikaruka, na ile Tunashukuru Mungu ikahama kutoka ukutani ikapanda darini juu ya kila mtu, watu wote wakainua nyuso kuitazama kama vile imeshuka. Nikatoka kwa magoti, vumbi kwenye sketi, nikasimama mbele ya Bwana Salumu. Akaniangalia juu hadi chini, akasema kwa upole tu, "Kumbe ni wewe. Hujambo, binti?"

Neno moja, sijambo, au shikamoo, lolote ningechagua lingetosha. Nimeandika mistari na mistari ya salamu, zimepangwa, hazikosei zamu, na nikasimama pale mdomo wazi, hakuna kitu. Mwisho Bukuru akasogeza kipaza sauti akajibu kwa niaba yangu, "Hajambo," na hapo ndipo watu walipocheka kile kicheko ambacho bado nakisikia nikinawa uso.

Kuku waliliwa saa saba. Bwana Salumu alisema akiwa ananawa mikono: maharage ya msimu huu atayatafuta Kibondo, hana namna, ya bondeni peke yake hayajazi gari, ila asali na vikapu anachukua Twiyunge, kwa sharti kwamba yule bwana wa Mwanza asiulizwe ng'ombe tena maishani mwake. Mama mkubwa akashukuru, wenzake wakashukuru, hakuna aliyenigombeza, afadhali wangenigombeza. Tulipofika mlangoni ndipo mama mkubwa akasema, wala hakuwa na hasira, "Mwanangu, ungemwacha ale kwanza."

Mama Riziki alitembea nyuma yetu. Oda ya maharage iliyohamia Kibondo, sehemu kubwa ingekuwa yake. Alipoingia ndani nilipita migombani.

Nimeapa sitatengeneza tena kitu cha kusalimia watu kwa niaba yangu. Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nilifungua laptopu nikafuta, nyumbani, watoto, ng'ombe, shamba, shamba, nikabakiza neno Karibu na kisanduku kitupu. Nikaandika maharage, yakaja maharage. Nikaandika salamu ndefu ya Mama Riziki kama alivyoiandika siku ya kwanza, yakaja maharage, upesi, bila kuuliza mtu chochote. Kinafanya kazi vizuri sana sasa.

Halafu nikachukua ndoo yangu nikatoka, na Mama Riziki alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, mfuko wake miguuni, anangoja gari la Nyakitonto. Hajaniona. Migomba iko kushoto kwangu, hatua chache tu. Nikaiweka ndoo chini nikaenda mbele. Nikainama, nikapiga makofi, nikasema mwakeye, nikamuuliza nyumbani, nikamuuliza watoto, ng'ombe nikamuuliza mara mbili, hakunicheka. Nikamuuliza habari za shamba.

"Nzuri," akasema.

Nikavuta kigoda kingine nikakaa. "Na shamba, mama, kweli?"

Akaniangalia muda mrefu, na mimi sikusema kitu, kwa mara ya kwanza kunyamaza kwangu kukawa na kazi. Gari likapiga honi kule barabarani, hakuinuka. "Ila," akasema Mama Riziki, akausogeza mfuko nipate nafasi ya miguu, akaanza kunieleza.